Tundu la Kumi na Tisa

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi nilikuwa nimepiga magoti kando ya kitanda namba nne, tochi mdomoni, na mwenye kitanda alikuwa ananitazama bila kunijua. Hilo peke yake lisingenitia wasiwasi. Fundi wa mtandao huzoea kutojulikana. Kilichonitisha ni kwamba Mzee Lulandala, dereva mstaafu wa malori ya mbao na bingwa wa mizaha wa wodi nzima, hakujijua hata yeye mwenyewe. Alilala macho wazi kama nyumba iliyohamwa, na kofia iliyombana kichwani ilikuwa inawaka taa ya njano.

Njano maana yake kofia imeamka lakini haijapata kumbukumbu za mwenyewe. Tunachotaka ni kijani. Niliinua kichwa nikaitazama wodi kutoka mlangoni hadi dirisha la mwisho, lile linaloelekea kwenye misonobari. Vitanda arobaini na kimoja. Nilihesabu kijani tatu.

"Fundi Yusta," alisema Sista Evodia nyuma yangu, "tumeziwasha saa kumi na mbili na nusu."

Hakuhitaji kuongeza neno. Ubongo ulioharibiwa na kiharusi, ukishazoea kuegemea kofia, huvumilia saa nne bila kumbukumbu. Baada ya hapo huanza kuikataa kofia, na ukiikataa leo utaikataa na kesho. Kwa hiyo tulikuwa na hadi saa nne na nusu, na tayari dakika ishirini zilikuwa zimekwenda.

"Umeme ulikatika?"

"Haukukatika."

"Kuna mtu amegusa seva?"

"Nani aiguse, wakati ufunguo unao wewe?"

Kweli, ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Na jana alasiri mimi ndiye niliyeng'oa swichi ya zamani, kile kisanduku cha chuma kinachounganisha nyaya zote za wodi, nikafunga mpya. Hilo sikulisema. Nilijifanya nakohoa, nikarudisha tochi mdomoni.

* * *

Nieleze kidogo, maana hata wakurugenzi wetu hudhani kofia ni kama redio, unabonyeza inaimba.

Kofia ni tupu. Ndani yake kuna kompyuta ndogo ya Linux, ukubwa wa kiberiti, isiyo na diski ya kuhifadhia chochote. Zamani zilikuwa na diski, mpaka watu wakaanza kuporwa kofia barabarani na kumbukumbu za ndoa zao kuuzwa mitaani. Sheria ikatoka: kofia isihifadhi kitu. Kwa hiyo kila asubuhi inaamka haijui lolote, inapiga kelele kwenye waya: jamani, mimi ni nani? Seva inaisikia, inaangalia namba iliyochongwa kwenye kadi yake ya mtandao, inaipa anwani na kuitajia faili la kuanzia. Kofia inalifuata faili, inapakia mfumo, kisha inaunganishwa na kumbukumbu za mtu wake kwenye seva hiyohiyo. Dakika mbili tu, na mtu anauliza chai iko wapi.

Nilichomeka kompyuta yangu kwenye kofia ya Mzee Lulandala nikasoma maneno ya mwisho iliyoandika kabla ya kukwama. Faili halikupatikana.

Kama ingesema haikujibiwa, ningejua waya umekatika, na waya naujua. Hii ilikuwa imejibiwa. Ilikuwa na anwani, ilikuwa imetajiwa faili, imelifuata, na faili halipo. Nilikimbilia chumba cha seva. Mafaili yote arobaini na moja yalikuwepo, yamekaa kwa utulivu wao. Rekodi za seva zilionyesha imesikia kila kofia na kuijibu kila moja. Nilibadilisha waya, hakuna kitu. Niliizima na kuiwasha kofia ya kitanda namba tisa mara tatu. Mara mbili ilikwama, ya tatu ikawaka kijani, na mama wa watu akaamka akiuliza kwa nini nimemshika kichwa.

Hakuna ninachokichukia kama kosa linalokuja na kuondoka. Kosa la kudumu unakaa nalo mezani mnaelewana. Hili lilikuwa linanicheka. Saa mbili na robo nilikosea nywila yangu mwenyewe mara mbili.

"Kamwene, fundi," iliita sauti kutoka kitanda namba kumi na mbili. "Baridi yote hii ya Mafinga, wewe unatoka jasho?"

Huyo alikuwa Mwalimu Skolastika Mligo, mwalimu wa hesabu kwa miaka thelathini na miwili, na mama mzazi wa Sista Evodia. Kofia yake ilikuwa ya kijani tangu nilipoingia. Alikuwa ameketi kitako na kikombe cha chai.

"Kamwene, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Hebu nisaidie. Saba mara nane ni ngapi?"

Nilidhani ananitania. "Hamsini na sita."

"Hamsini na sita," alirudia polepole. "Kila nikiifikia nakuta pengo. Mimi, Mligo, kusahau saba mara nane! Usimwambie Evodia." Kisha akashusha sauti. "Na ukipita Mbeya, mwanangu Fidelis amelazwa huko. Msalimie."

"Nitamsalimia, Mwalimu. Anaendelea vizuri," nilijibu haraka, maana wodi nzima tulishazoea kujibu hivyo.

Alinitazama juu ya kikombe. "Mbona wote mnajibu upesi hivyo?"

Nilitazama saa. Nikaondoka.

* * *

Nilifanya kile nilichopaswa kufanya mapema kama hofu isingenivuruga akili. Nilisikiliza waya wenyewe. Nikaiwasha kofia moja, nikatazama maneno yanavyopita kwenye kioo. Swali lilikuwa moja. Majibu yalikuwa mawili.

Moja lilitoka kwenye anwani nisiyoijua, na ndilo lililotangulia kufika. Seva yetu, kabla ya kujibu, huhakiki kwanza kwenye daftari la wagonjwa. Huyu mwingine hakuhakiki kitu. Alimjibu yeyote anayeuliza, na kila mmoja alimwelekeza kwake akachukue faili ambalo hana. Aliyebahatika kupata jibu la seva yetu kwanza ndiye aliyeamka.

Niliiuliza swichi mpya: huyu mtu amechomekwa wapi? Ikanijibu tundu la kumi na tisa.

Hapo nikakumbuka. Jana, nilipokuwa nanakili mipangilio ya swichi ya zamani, nilikuta mstari uliotenga tundu la kumi na tisa na la ishirini peke yao, mbali na wengine. Haukuwa na maelezo. Nikajiambia ni takataka za fundi aliyenitangulia, kijana wa watu aliyehamia Songea bila kukabidhi hata karatasi. Nikauacha. Ule mstari ulikuwa ukuta, na mimi nilikuwa nimeubomoa bila kuuliza nyuma yake anaishi nani.

Niliuandika upya. Herufi hazifiki hamsini. Saa tatu na dakika ishirini tuliziwasha kofia upya, na wodi ikaanza kugeuka kijani kuanzia mlangoni. Watu walikohoa, waliita majina, mmoja aliomba bakuli la uji. Sista Evodia alijifunika uso kwa mikono miwili.

"Wewe mwanamke," alisema Mzee Lulandala, "unafanya nini kitandani kwangu? Mke wangu akitokea hapa utamweleza mwenyewe."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Yangeishia hapo, ningekwenda nyumbani shujaa. Lakini tundu la ishirini lilikwenda kitanda namba kumi na mbili, na bado sikujua la kumi na tisa lilikwenda wapi.

* * *

Nilifuata waya. Ulipita juu ya dari, ukashuka stoo ya mashuka, ukaingia nyuma ya rundo la mablanketi. Chini yake kulikuwa na kompyuta kuukuu, imefungwa kwenye foronya kama mtoto, ya moto, inahema. Niliifungua. Ilikuwa na kumbukumbu za mtu mmoja: Mligo, Skolastika. Na pembeni yake mafaili saba, yamepewa namba, mama-kipande-1 hadi mama-kipande-7.

Nilitazama tarehe. Cha kwanza kilikatwa mwezi wa saba mwaka jana. Cha pili miezi mitatu baadaye. Halafu miwili. Halafu wiki saba, wiki sita, wiki nne. Cha saba kilikuwa cha siku kumi na tano zilizopita.

"Usifungue," alisema Sista Evodia mlangoni. "Nakuomba, Yusta. Usivifungue."

Akaingia, akaurudisha mlango, akakaa juu ya blanketi. Kwa miezi sita niliyofanya kazi hapa sijawahi kumwona Evodia amekaa wakati wa kazi.

"Fidelis hayuko Mbeya," nilisema.

"Wewe ulijua?"

"Hapana. Nilikuwa najibu tu kama mnavyojibu."

"Lori lake lilipinduka mlima Kitonga. Mimi ndiye niliyemwomba alete magodoro ya wodi siku ile ya mvua." Aliyasema haya akiangalia kompyuta, si mimi. "Unajua kwetu habari ya msiba hairushwi tu. Tulimwambia mama kaka amezidiwa, amelazwa Mbeya. Ajiandae moyo. Jioni wazee wakaja wakamwambia. Alipiga yowe, Yusta, mpaka kofia ikazimika. Usiku ule nikafikiri, nimpe siku moja. Tuzike kwanza, asituangukie kaburini. Fundi aliyekutangulia akanifungia kompyuta hii, nikaikata ile jioni. Asubuhi aliamka anajua mtoto wake anaumwa tu."

"Na baada ya mazishi?"

"Nilishindwa." Alifuta uso kwa kona ya shuka. "Kisha akajua mwenyewe. Hakuna aliyemwambia. Alipiga hesabu: watu wanaokuja kumwona wanakaa muda gani, nani hataji jina, simu ya Fidelis haiiti. Alinishika mkono akasema, Evodia, mwanangu amekufa. Nikakata tena. Kila mara anajua mapema zaidi. Leo asubuhi ameshaanza kuniuliza kwa nini tunajibu upesi. Jioni nikizima kofia, nitakata cha nane."

"Kila unapokata, kuna vitu vingine unaondoka navyo. Ameniuliza saba mara nane."

Aliguna kama aliyepigwa. Hakuwa akijua.

Mimi najua huo mlango wa kwanza wa uongo. Baba yangu alipofariki nilikuwa Mwanza. Walinipigia wakasema amezidiwa, njoo. Nilisafiri siku nzima ndani ya basi nikimwomba Mungu, na njiani nikanunua machungwa kwa sababu baba alipenda machungwa. Nilishuka nayo mkononi mbele ya watu waliokaa kwenye mikeka. Mpaka leo sijaamua kama niliwashukuru kwa ile siku moja ya matumaini au niliwachukia. Lakini ilikuwa siku moja, na mwisho wake nilifika nyumbani. Mwalimu Mligo alikuwa ndani ya basi lile miezi kumi.

"Baba mdogo hunipigia kila Jumapili," Evodia alisema. "Anauliza tanga tunaanua lini. Namwambia mama bado hajaambiwa. Hata arobaini hatujafanya." Kisha akanitazama, na macho yake yakawa ya Sista Evodia niliyemzoea. "Mstari umeurudisha. Wote wameamka. Acha ilivyokuwa. Na mimi sitasema nani aliyebadilisha swichi."

Sitajifanya malaika. Nililifikiria. Watu thelathini na wanane walikuwa wamelala kwa karibu saa tatu kwa uzembe wangu, na taarifa ya kosa kama hilo inaweza kunitoa kazini. Stoo ilinukia sabuni na joto la ile kompyuta, na nilichotakiwa kufanya ni kufunga mlango tu. Niliona aibu jinsi wazo lile lilivyonikaa vizuri.

"Kwa nini hukuvifuta?" niliuliza. "Vipande. Ungevifuta hakuna ambaye angejua."

"Ningefutaje? Yule anayelia humo ndani naye ni mama yangu."

* * *

Nilikwenda kitanda namba kumi na mbili. Sikuwa na haki ya kumpa mtu msiba wa familia isiyo yangu, na sikuwa na ujasiri pia. Nikakaa kwenye kiti cha wageni.

"Mwalimu, mwanafunzi akikuficha daftari kwa sababu jibu limekuwa baya, ulikuwa unafanyaje?"

Aliweka kikombe chini, akakisogeza mpaka mshikio ukaelekea ukutani.

"Daftari nilikuwa nalichukua," alisema. "Jibu baya halinikasirishi. Nakasirika akinifanya kama siwezi kulisoma." Akanitazama sana. "Fundi, wewe ni mgeni wa uongo. Hawa wengine wamezoea. Mwambie aliyekutuma kwamba daftari nalitaka."

"Hakuna aliyenituma."

"Basi mwambie Evodia."

Nilirudi stoo. Nilimweleza Evodia neno kwa neno. Nikamweleza pia njia tatu zilizobaki. Kuacha ilivyo, na kukata cha nane, na cha tisa, mpaka Mwalimu asijue hata moja jumlisha moja. Au kumrudisha kwenye faili la seva kuu, linaloishia jioni ile ya yowe, akapoteza miezi kumi yote ya chai na majirani. Au kushona vipande vyote saba kila kimoja mahali pake, aamke na kila kitu.

"Kila kitu," alisema Evodia. "Pamoja na mimi nilichomfanyia."

"Pamoja na hicho."

Nje mtu alikuwa anasukuma toroli la uji.

"Ataniona mwizi," alisema.

"Huenda. Mimi nitaandika taarifa, Evodia. Nitaanza na kosa langu, la swichi. La kwako nitaliandika la pili. Lakini kitufe cha kofia yake sitakibonyeza. Yule si mama yangu."

Alinyanyuka, akayakunja mablanketi yote aliyokuwa ameyakalia, moja moja, pembe kwa pembe. Alipomaliza alisema, "Shona."

* * *

Kushona vipande na kulihamishia faili lake kwenye seva kuu kulinichukua hadi saa saba na nusu. Saa nane mchana kofia huzimwa kidogo zisafishwe, na Mwalimu alikuwa amelala chali, taa imezimika. Niliuchomoa waya kutoka tundu la kumi na tisa. Niliufuta ule mstari kwa mara ya pili, safari hii nikijua ninachokifanya, nikaandika maelezo pembeni. Evodia alikaa ukingoni mwa kitanda. Kidole chake kilikaa juu ya kitufe mpaka nikadhani hatakibonyeza.

Akabonyeza.

Njano. Niliangalia kompyuta yangu: kofia imeuliza, jibu limekuja, moja tu. Faili limepatikana. Mfumo unapakia. Nilikuwa nimeshika nguzo ya kitanda kwa nguvu hata vidole vikafa ganzi. Nilisubiri yowe. Kichwani nilikuwa nimeshapanga jinsi ya kuzuia kofia isizimike, nani ashike miguu, nani aite daktari.

Kijani.

Mwalimu Mligo alifumbua macho akaangalia dari. Machozi yalimtoka pembeni yakaingia masikioni, na hakuyafuta. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti. Ilinichukua muda kuelewa kwamba anahesabu.

"Mara saba, Evodia," alisema.

"Mama—"

"Mara saba nimemlilia mwanangu, na mara saba umeninyang'anya."

Evodia aliinama mpaka paji la uso likagusa godoro. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Mimi nilitamani ardhi inimeze na kompyuta yangu. Mkono wa Mwalimu ulinyanyuka kutoka kwenye shuka, ukakaa hewani kidogo, kama mtu asiyejua aupeleke wapi. Halafu ukatua kwenye kitambaa cha kichwa cha binti yake, si kwa upole sana, ukabaki pale.

"Amelala wapi?" aliuliza.

"Nyumbani. Pembeni ya baba."

"Arobaini mlifanya?"

"Hatujafanya, mama."

"Tanga?"

"Bado halijaanuliwa. Kila mtu anakusubiri wewe."

Mwalimu alivuta pumzi ndefu, akajiinua kwa viwiko, akashusha mguu mmoja kutoka kitandani, kisha wa pili, akaitazama sakafu ya baridi.

"Basi nipe viatu vyangu," alisema.